Uongozi Wenye Misingi katika Uhisani wa Haki za Kijamii: Mwongozo Kamili kwa Anayeidhinisha Ruzuku

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye sahihi yake hutoa fedha. Huenda ni mrithi aliyeachiwa mali, mkurugenzi wa mfuko, mjumbe wa bodi ya wadhamini, au ofisa programu anayesoma maandiko ya miradi hadi usiku wa manane. Wote hao wanafanana kwa jambo moja: kuna mtu mahali fulani anayesubiri neno lao ndipo ajue kama atawalipa wenzake mwezi ujao.

Uhisani wa haki za kijamii ni tofauti na sadaka, ingawa sadaka nayo ina nafasi yake. Sadaka humlipia mtoto karo. Uhisani wa haki huuliza kwa nini shule za upande mmoja wa mji hazina walimu, nani aliamua iwe hivyo na nani anapambana kuubatilisha uamuzi huo, kisha humtia nguvu huyo anayepambana. Ugumu unaanzia hapo, maana mhisani mwenyewe aghalabu ni zao la mpangilio uleule anaotaka uvunjwe. Hawezi kuubadilisha bila yeye kuguswa.

Wengi wakifika hapo hukimbilia semina za kujitafakari. Sina ugomvi nazo, lakini sijaona mtu akibadilishwa na semina ya siku mbili, hata mwezeshaji awe hodari kiasi gani. Mtu hubadilika anapobadilisha namna anavyotunga fomu, anavyopanga bajeti, anavyokataa maombi na anavyoachia uamuzi. Ndiyo maana hatua zifuatazo zinaanzia mezani. Moyo utafuata, na usipofuata, angalau wanaokuomba fedha watakuwa wamepata nafuu.

Hatua ya kwanza: andika historia ya fedha unazogawa

Kabla ya kugusa dira na dhamira, andika kurasa mbili zinazojibu maswali haya: fedha hizi zilitokana na biashara gani? Nani walifanya kazi, na kwa ujira gani? Ardhi ilikuwa ya nani? Kodi ililipwa wapi, na wapi ilikwepwa? Na zile ambazo bado hazijagawiwa, leo zimewekezwa wapi?

Mfano unaofundisha zaidi ni wa zamani. Rockefeller Foundation, taasisi ya uhisani ya Marekani, ilianzishwa mwaka 1913. Aprili 1914, wanamgambo na walinzi wa kampuni walishambulia kambi ya mahema ya wachimba makaa ya mawe waliokuwa kwenye mgomo huko Ludlow, Colorado. Watu wapatao 20 waliuawa, wakiwemo wanawake wawili na watoto 11 waliokuwa wamejificha kwenye shimo chini ya hema lililoteketezwa. Kampuni iliyogomewa ilikuwa mikononi mwa familia ya Rockefeller. Mwaka 1915 tume ya serikali ya Marekani iliyochunguza mahusiano ya kazi ikamhoji mrithi wa familia hiyo, John D. Rockefeller Jr., na hoja ya wakosoaji wake ilikuwa nyepesi kueleweka: taasisi inayojitangaza kwa ajili ya ustawi wa wanadamu inakula faida ya mgodi ambao watoto wa wachimbaji wameungulia mlangoni pake. Mwaka huohuo alifunga safari kwenda Colorado kuonana na wachimbaji uso kwa uso. Kwamba ilihitajika maafa ndipo mwenye mali aende, hilo ndilo la kukaa nalo.

Wala si habari ya kale tu. Sheria ya Marekani huzitaka taasisi binafsi za uhisani kutoa kila mwaka takribani asilimia 5 ya mali zao. Asilimia 95 iliyobaki inaendelea kufanya kazi sokoni. Mfuko unaweza kumpa ruzuku mwanasheria anayewatetea wanakijiji waliohamishwa kupisha mgodi, na siku hiyohiyo ukawa na hisa kwenye mgodi wenyewe, bila mtu yeyote ofisini kujua. Kwa hiyo mwombe meneja wa uwekezaji orodha kamili ya mali mnazomiliki. Usikubali muhtasari wenye picha za duara za rangi. Taka majina ya kampuni. Weka alama kwenye kila jina linalokinzana na ruzuku zenu, na kila alama iwe na tarehe ya mwisho ya kuuzwa au kuhojiwa kwenye mkutano wa wanahisa.

Kurasa hizo mbili zisomwe kwa sauti kwenye kikao cha bodi. Atakuwepo wa kusema kwamba ya kale yamepita. Mjibu kwamba faida yake bado ipo benki.

Hatua ya pili: andika misingi kwa namna inayoweza kuumiza

Usawa, uwazi, utu, ushirikishwaji. Kila mfuko una maneno haya ukutani, na kwa kuwa hayakatazi chochote, hayaongozi chochote. Yaandike upya kwa muundo huu: tukilazimika kuchagua kati ya hiki na kile, tutachagua hiki, na hasara yake tutaibeba sisi. Kwa mfano:

- Kati ya shirika linaloandika vizuri na kundi linaloaminiwa na watu wake lakini halina wa kuandika, tutachagua kundi, na kazi ya kuandika tutaifanya sisi.
- Kati ya kutangaza jina letu na usalama wa mwanaharakati, tutanyamaza, hata kama ripoti ya mwaka itakosa picha.
- Mkubwa akitukasirikia kwa sababu ya tunaowafadhili, hatutakata ruzuku katikati ya mkataba.

Sentensi tano zinatosha. Kisha chukua maamuzi 20 ya mwisho ya mfuko wenu uyapitishe kwenye sentensi hizo. Kama hakuna hata moja ambalo lingegeuka, mmeandika mapambo, rudini mwanzo.

Hatua ya tatu: jenga njia ya kuambiwa ukweli

Mkono mtupu haulambwi, na mkono wa mhisani haujawahi kuwa mtupu. Watu watacheka utani wako usiochekesha. Watasifu warsha yako. Watabadilisha mradi mzima ili ufanane na neno ulilolitamka kwa bahati tu wakati wa chai. Miaka mitano ya maisha hayo inatosha kumfanya mtu wa kawaida aamini kwamba ana busara zisizo za kawaida. Huu ni ugonjwa wa kazi, kama vumbi la mgodi, na anayeupata huwa wa mwisho kujua.

Tazama kilichoipata Ford Foundation, taasisi nyingine kubwa ya uhisani ya Marekani. Mwaka 2015 ilitangaza kwamba itaelekeza kazi yake kwenye kupambana na ukosefu wa usawa. Watu wenye ulemavu wakasoma mpango huo na kujikuta hawamo. Wakamwandikia rais wa taasisi hiyo wa wakati huo, Darren Walker, baadhi yao kwa ukali. Mwaka 2016 Walker alikiri hadharani, kwa maandishi, kwamba walikuwa wamesema kweli na kwamba upofu huo ulikuwa wake pia. Baadaye masuala ya ulemavu yakaingizwa kwenye utoaji wa ruzuku wa taasisi hiyo. Ninalotaka ulione ni hili: Walker ni Mweusi aliyekulia katika umaskini kusini mwa Marekani. Hakuwa mgeni wa dhuluma. Hata hivyo, kuijua dhuluma moja hakukumpa macho ya kuiona nyingine. Aliambiwa na watu waliothubutu kumwambia. Usingoje wathubutu. Warahisishie.

Njia ya kwanza ni utafiti wa maoni unaofanywa na mtu wa nje, majibu yasiyo na majina. Center for Effective Philanthropy ya Marekani huifanyia mifuko mingi kazi hii, lakini hata mtafiti mmoja wa kujitegemea anatosha kwa mfuko mdogo. Sharti ni kwamba waulizwe pia mliowakataa. Hao hawana cha kulamba, na majibu yao huwa na chumvi inayohitajika. Matokeo yatangazwe yote, pamoja na orodha ya mtakayoyabadilisha na mtakayoyaacha.

Njia ya pili ni kubadilisha maswali. "Mnatuonaje?" huzaa sifa. Jaribu: "Mwaka huu tuliwaomba nini ambacho kiliwapotezea muda?" Au: "Mngefanya nini tofauti kama msingekuwa mnawaza tutasemaje?" Ukishauliza, nyamaza. Jibu likikuchoma, usijitetee, usieleze mazingira, usitaje shinikizo la bodi. Andika. Ndani ya wiki mbili rudi na jibu: hiki tumekibadilisha, hiki hatukuweza, na sababu ni hii. Mara ya kwanza utaambiwa mambo madogo kama muda wa mikutano. Ukiyatekeleza hayo, mara ya tatu au ya nne ndipo utaambiwa makubwa.

Njia ya tatu ni ya ndani zaidi. Fungua daftari la maamuzi. Kabla ya kila kikao, andika mistari miwili kuhusu kila ombi: nataka lipite au likataliwe, na kwa sababu gani hasa? Andika sababu ya kweli, si ile utakayoisema kikaoni. Kila baada ya miezi sita lisome lote kwa mkupuo. Utaona mchoro: unaowapendelea wanazungumza kama wewe, walisoma shule kama yako, au wanakufanya ujisikie mtu mwema. Mchoro huo ndio mtaala wako, na hakuna mwezeshaji angeweza kukutungia.

Kuna onyo moja hapa. Mwenye mali akianza kuona haya yote, hupatwa na hatia, na hatia hutafuta pa kupumulia. Mara nyingi huangukia kwa waliofadhiliwa: machozi kwenye kikao, maungamo marefu, na kiongozi wa kundi dogo anaondoka amemfariji mfadhili wake kwa saa nzima bila malipo. Usimtwike mtu mzigo huo. Upeleke kwa wenzio wa hali yako. Huko Marekani, Resource Generation huwaunganisha vijana wenye mali kwa kazi hii hasa. Lakini hata watu watano wasiodaiana wala kufadhiliana wanatosha, wakikutana mara moja kwa mwezi, kila mmoja akileta uamuzi mmoja alioufanya kwa nguvu ya fedha, na wenzake wakimuuliza maswali tu bila kumpa ushauri.

Hatua ya nne: pima uzito wa makaratasi yako

Chukua fomu yenu ya maombi uijaze mwenyewe, ukijifanya kundi la watu wanne lisilo na mhasibu, lenye kompyuta moja. Jipime muda kwa saa. Kisha piga hesabu.

Tuseme imekuchukua saa 30. Makundi 120 yanaomba, 10 yanapata. Jumla ya saa 3,600 zimetumika, na kati ya hizo 3,300 ni za walioambulia patupu. Kwa wiki ya kazi ya saa 40, hizo ni zaidi ya wiki 82 za mtu mmoja, yaani mwaka mmoja na nusu wa mwanaharakati ulioliwa na fomu yako kabla hujatoa hata senti.

Sasa pitia swali kwa swali, kalamu mkononi. "Eleza muktadha wa tatizo kwa maneno 1,000." Ninyi ndio mliochagua kufadhili tatizo hilo; kama hamlijui, someni. Futa. "Mtaendelezaje kazi baada ya ufadhili wetu kwisha?" Kila mtu anajua jibu la kweli, kwamba watatafuta mfadhili mwingine, na kila mtu anajua kwamba haliruhusiwi kuandikwa. Swali hilo linawafundisha watu kukudanganya. Futa. "Ambatisha jedwali la matokeo kwa kila robo mwaka." Nani anaweza kuahidi hukumu ya mahakama itatoka robo ya ngapi? Futa. Ukifika kwenye mstari wa bajeti unaotaka wino wa printa utenganishwe na karatasi, nadhani huhitaji ushauri wangu.

Kinachobaki kinaenea kurasa mbili. Ninyi ni nani, na mnawajibika kwa nani kati ya watu wenu? Mnataka nini kibadilike, na nani anazuia? Mmeshajaribu nini? Mnahitaji kiasi gani kwa mwaka? Hatari gani tuzijue? Kundi lisilo na mwandishi lipigiwe simu kwa dakika 45. Ofisa programu aandike majibu, awarudishie wayasahihishe. Andiko walilomtungia mfadhili mwingine lipokelewe kama lilivyo. Ripoti vilevile: mazungumzo ya simu, au nakala ya ripoti waliyompa mwingine, inatosha.

Utaulizwa kuhusu wizi. Ni swali halali, na jibu lake si kupuuza. Wizi hugunduliwa kwa kulinganisha vitabu na taarifa za benki, kwa ukaguzi, kwa kutembelea, na kwa kuwauliza watu ambao kundi linadai kuwatumikia. Haugunduliwi kwa maswali ya insha. Tapeli mzoefu huandika vizuri kuliko wote. Fomu ndefu humnasa asiyejua kuandika, humwacha mwizi apite.

Hatua ya tano: toa fedha za muda mrefu, zisizofungwa

Treatment Action Campaign ya Afrika Kusini iliundwa Desemba 1998 kudai dawa kwa watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Hukumu ya Mahakama ya Katiba iliyoilazimisha serikali kuwapa akina mama wajawazito dawa ya kuzuia maambukizi kwa watoto ilitoka Julai 2002. Katikati hapo kulikuwa na maandamano, mafunzo ya watu wa kawaida kuhusu dawa, na kesi kutoka ngazi moja hadi nyingine. Mfadhili wa ruzuku ya mwaka mmoja angeweza kufika Desemba 2000, akafungua jedwali lake la matokeo, akaona halijajaa, akaondoka. Haki haina robo mwaka.

Kwa hiyo weka kiwango cha chini cha miaka mitatu; mitano ni bora. Fedha zisifungwe kwenye mradi: kundi liamue lenyewe kama mwezi huu linahitaji wakili, kodi ya pango, au mapumziko ya mratibu aliyechoka. Mwaka 2016 Ford Foundation ilianzisha programu iliyoitwa BUILD, ikatenga dola bilioni 1 kwa ruzuku za miaka mitano zinazoachia mashirika uhuru wa matumizi na kuyaimarisha kwa ndani. MacKenzie Scott, bilionea wa Marekani, naye mwaka 2020 alitoa zaidi ya dola bilioni 4 kwa mashirika 384 ndani ya miezi michache, bila masharti ya matumizi, na mengi yao hayakuwa yameomba. Timu yake ilikuwa imeyachunguza kimyakimya. Tazama mpangilio huo: uchunguzi ulifanywa kwanza, kwa gharama ya mtoaji, na uhuru ukafuata. Mifuko mingi hufanya kinyume. Humtwika mwombaji gharama za kujichunguza, kisha humfunga kamba.

Kuhusu gharama za uendeshaji, acha kabisa kuziwekea ukomo wa asilimia. Ukomo huo hauzifuti, huzificha, na mtu wa kwanza kuumia ni mhasibu asiyeajiriwa. Mazungumzo ya kuendelea au kutoendelea yaanze mwaka mzima kabla ya ruzuku kwisha.

Hatua ya sita: achia uamuzi

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wapo waliolichukulia hilo kwa uzito. Haymarket People's Fund ya Boston, iliyoanzishwa mwaka 1974, iliweka maamuzi ya ruzuku mikononi mwa wanaharakati wa jamii badala ya wenye fedha. Mfuko wa wanawake vijana uitwao FRIDA umewahi kuyaachia makundi yanayoomba yasome maombi ya wenzao na kuyapigia kura. Disability Rights Fund huwaweka watu wenye ulemavu kwenye meza inayoamua.

Mfano uliotikisa wengi hivi karibuni ni wa Austria. Marlene Engelhorn, mrithi katika ukoo wa mwanzilishi wa kampuni ya kemikali ya BASF, alitenga euro milioni 25 za urithi wake. Barua 10,000 zikatumwa kwa wakazi waliochaguliwa kwa bahati nasibu. Mwaka 2024 watu 50 kati yao walikutana Salzburg kwa mwisho wa juma mara sita, wakaamua fedha ziende kwa mashirika 77. Walilipwa posho, wakagharimiwa safari, na malezi ya watoto na wakalimani vikaandaliwa kwa wenye kuhitaji. Engelhorn hakubakiza kura ya turufu. Zaidi ya hapo, alitumia tukio hilo kudai serikali imtoze kodi, kwa sababu Austria ilifuta kodi ya urithi mwaka 2008. Kwangu mimi hilo la mwisho ndilo zito kuliko fedha zote: mwenye mali anadai sheria ambayo ingemwondolea nafasi ya kuwa mhisani.

Si lazima uanze kwa ukubwa huo. Chukua programu moja, au sehemu ya tano ya bajeti, lakini juu ya sehemu hiyo toa uamuzi mzima. Ninyi mbaki na uhakiki wa kisheria tu. Wajumbe wakae miaka miwili kisha wabadilishwe, la sivyo baada ya muda mtakuwa na wakubwa wapya. Kikao cha kwanza kitumike kujifunza kusoma bajeti pamoja. Mwenye undugu au kazi na kundi linaloomba atamke, atoke chumbani. Lipeni muda wao kwa kiwango mnacholipa washauri, maana ndivyo walivyo. Na jambo linalosahaulika: nani anawachagua wachaguzi? Ukiwateua mwenyewe, utateua wale waliokwisha kujifunza kuzungumza nawe. Bahati nasibu, au uteuzi unaofanywa na makundi yenyewe, hupunguza hilo.

Ila ushirikishwaji una upande wa pili ambao wahisani huupitia haraka. Julius Rosenwald, aliyetajirika kwa duka la Sears, Roebuck, alishirikiana na Booker T. Washington, mwalimu Mweusi mashuhuri, kuanzia mwaka 1912 kujenga shule za watoto Weusi kusini mwa Marekani. Hadi mwaka 1932 zilikuwa zimefika karibu 5,000, na ni kazi ya kuheshimiwa. Sharti lilikuwa kwamba jamii ichangie. Weusi wa vijijini, wengi wao maskini, wakatoa fedha, mbao, ardhi na nguvu kazi, na michango yao ya fedha ikaupita hata mchango wa mfuko wa Rosenwald wenyewe. Lakini watu hao walikuwa tayari wanalipa kodi, na kodi hiyo ilikuwa ikijenga shule za Wazungu. Wanahistoria wameeleza wazi kwamba walitozwa mara mbili kwa kitu ambacho kilikuwa haki yao. Kila unapodai "mchango wa jamii" kwenye ruzuku yako, jiulize kama jamii hiyo haijalipa tayari, tena kwa nani.

Hatua ya saba: kataa kwa heshima, ondoka kwa taarifa

Utakataa wengi kuliko utakaowapa, kwa hiyo tabia yako itajulikana zaidi kwa barua za kukataa. Ile ya "tumepokea maombi mengi yenye ubora" haimsaidii mtu. Hii inasaidia:

"Ndugu Mratibu, asanteni kwa andiko lenu. Hatutaweza kulifadhili mwaka huu. Fedha tulizobakiza zinatosha makundi matatu, na tumechagua yanayoshughulikia ardhi, ilhali kazi yenu ni ya makazi ya mijini. Hakuna kasoro katika andiko lenu iliyochangia uamuzi huu. Hatutarajii kufadhili makazi kabla ya miaka miwili, hivyo tusingependa mpoteze muda kutuandikia kabla ya hapo. Mkituruhusu, tutalipeleka andiko lenu kwa mifuko miwili inayofadhili kazi kama yenu. Namba yangu ya simu iko hapa chini."

Itume ndani ya wiki moja baada ya kikao. Kama kasoro ipo, itaje. Kumficha mtu sababu ili usimuumize ni kujilinda wewe.

Kuondoka nako kuna adabu yake. Chuck Feeney, aliyejenga utajiri wake kwenye maduka yasiyotozwa ushuru, aliuhamishia karibu wote kwenye Atlantic Philanthropies, na kwa miaka mingi, hadi 1997, umma haukujua ni yeye. Taasisi hiyo iliamua mapema kwamba itatumia fedha zake zote na kufunga. Ruzuku za mwisho zilitolewa mwaka 2016, milango ikafungwa mwaka 2020, baada ya kutoa takribani dola bilioni 8. Hata kwa taarifa ndefu kama hiyo, mashirika yaliyomtegemea mfadhili mkubwa huyumba akiondoka. Sembuse yale yanayopewa barua ya miezi mitatu. Toa taarifa miaka miwili kabla, ongeza ruzuku ya mwisho isiyo na masharti, na uwatambulishe wewe mwenyewe kwa wafadhili wengine.

Hatua ya nane: ndani ya ofisi

Hapa nitakuwa mfupi. Mfuko unaofadhili haki za wafanyakazi huku mlinzi wake akiwa wa kampuni ya wakala, bila likizo ya ugonjwa, umeshajulikana tabia yake. Tangazeni viwango vya mishahara. Wahoji wasafishaji na madereva wanapoondoka kazini kwa uangalifu uleule mnaomhoji mkurugenzi anayeondoka. Na ofisa programu aliyetoka kwenye harakati asigeuzwe kiti cha uwakilishi, akiitwa kwenye kila picha na kuachwa kwenye kila uamuzi.

Bodi ikikataa

Itakataa mara ya kwanza, usishangae. Usibishane juu ya falsafa. Omba jaribio la miezi 12 kwa asilimia 10 ya bajeti: fomu ya kurasa mbili, ruzuku za miaka mitatu, kamati yenye uamuzi kamili. Linganisha jaribio na utaratibu wenu wa kawaida: hesabu saa ambazo waombaji wametumia, muda kutoka ombi hadi malipo, na idadi ya makundi yaliyopata ruzuku yenu kwa mara ya kwanza. Tarehe ya kura ya mwisho iandikwe siku hiyohiyo jaribio linapoidhinishwa, maana jaribio lisilo na tarehe hufa kwa kuahirishwa.

Ikikataa tena, bado una mambo yasiyohitaji kura: kujibu kwa wakati, kutoa sababu, kufupisha ripoti, kupiga simu badala ya kudai maandishi. Ofisa mmoja anaweza kuyafanya kesho asubuhi. Na ukifika mahali hata hayo yanakatazwa, au unaamriwa kukata ruzuku katikati ya mkataba kumfurahisha mkubwa fulani, andika pingamizi lako liingie kwenye kumbukumbu za kikao. Ukiamua kuondoka, usiondoke siku hiyo. Kwanza yapigie makundi yote yaliyo chini yako uyaeleze nani atashika faili zao, na uhakikishe malipo yaliyokwisha kuidhinishwa yametoka benki kabla hujakabidhi funguo.